Kabati la Sungura la Bi Mwanarusi

Kaloleni nzima ilijua kwamba Bi Mwanarusi ana kabati. Utasema kila mtu ana kabati, hata mimi ninalo, mlango wake mmoja uling'oka mwaka juzi. Lakini hili lilikuwa chumbani kwake, lina kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye fundo la leso kiunoni, hautoki hapo ila autoe mwenyewe. Na watu ndivyo walivyo: mlango ukiwa wazi hakuna anayechungulia, ufunge uone.

Kwa kazi alikuwa mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na aliyetaka pazia linaloanguka sawasawa alikwenda kwake, awe wa hapa Voi, awe wa Mwatate au hata wa Taveta. Vitambaa alivinunua kwa Kalondu, mama mmoja wa Kikamba aliyeuza mitumba ya mapazia sokoni. Kalondu akifungua robota jipya alimpigia simu yeye kwanza, kabla mtu mwingine hajatia mkono, na Bi Mwanarusi aliiacha chai yake ikipoa. Alichokitafuta ni yale mapazia mazito ya pamba ya zamani, yaliyotundikwa kwenye nyumba za Wazungu huko kwao mpaka wenyewe wakazeeka: waridi kubwakubwa zilizofifia kidogo, maua ya buluu yaliyoshikana kama koliflawa, na mengine ambayo majina yake hakuyajua wala hakujali kuyajua. Kitambaa cha siku hizi, alikuwa akisema, ukikishika kinalia kama karatasi ya biskuti. Vya kushona alishona. Vile vilivyomkaa moyoni hakuvitia mkasi, alivikunja akaviweka, na mteja aliyeviona akavitaka aliambiwa vimeshaagizwa. Vimeagizwa na nani, hilo halikumhusu mteja.

Vitambaa hivyo havikuwa siri. Siri ilikuwa sungura.

Wa kwanza aliletwa na marehemu mumewe, Ayub, mwaka ule waliooana. Ayub alikwenda kwenye mnada katika shamba moja la mkonge, ambako Mzungu mmoja alikuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Akanunua sanduku la chupa za kuwekea achari, na chini ya chupa akakuta sungura wa kauri, mweupe, urefu wa kidole, amekaa kitako na masikio yamelala mgongoni. "Huyu kaja bure," akasema, akampa mkewe. Mwanarusi akamgeuzageuza. Aliyemchora alimpa jicho moja kubwa kuliko la pili, akawa kama aliyeshtushwa usingizini. Siku ile hakumweka chini. Ukimuuliza kwa nini sungura, asingeweza kukujibu vizuri. Labda ni kwa kuwa ni mnyama asiye na pembe wala meno ya kutisha, mali yake yote ni masikio na mbio, na pamoja na hayo yupo, hajaisha.

Miaka ishirini na sita baadaye walikuwa arobaini na watatu. Wengine ni wale wa kufugwa, mashavu yamejaa. Wengine ni wa porini, wenye miguu mirefu na ncha nyeusi masikioni, ambao bibi yake kule Mombasa aliwaita kitungule, na ambao bado hukatiza barabara ukitoka Voi kwenda Mwatate jua likishuka. Kulikuwa na mmoja wa kutilia chumvi, mwenzake wa pilipili hakufika. Kulikuwa na mmoja wa shaba, mzito, na mmoja asiye na sikio la kushoto. Aliwapata kwa Kalondu, wamezongwa ndani ya mapazia, au kwenye soko la Taveta mahali wanapotandaza vyombo vya mitumba chini. Kila aliyempata alimpindua kwanza atazame mhuri tumboni, kwa sababu wa zamani mhuri wake umefutikafutika, na kauri yake ina nyufa nyembamba za kama nywele. Wa juzijuzi ni weupe kama meno ya bandia, na hao hakuwataka hata wa bure.

Sasa, kwa nini afiche? Kwa sababu Bi Mwanarusi ni mwanamke wa swala tano, na tangu utotoni, kwenye chuo cha Kurani, aliambiwa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Angeweza kuwauliza wenye elimu kama vijisanamu vya kabatini navyo vimo. Hakuuliza, kwa kuwa aliogopa jibu. Na mtu akiogopa jibu hujitungia lake, naye alijitungia hili: kila sungura alimshonea kifuniko, mfano wa kofia ndefu inayoshuka mpaka miguuni, na kamba ya kufunga shingoni, kutoka kwenye mabaki ya vile vitambaa vya maua. Sungura akishafunikwa si sanamu tena, ni kitambaa kilichosimama. Ndivyo alivyojiambia. Vumbi letu jekundu nalo likampa kisingizio cha pili, maana hapa Voi usipofunika kitu asubuhi, jioni huitambui rangi yake.

Ayub alifariki binti yao Nasiha akiwa na miaka mitano. Mtoto wa umri huo husema yote, na Bi Mwanarusi aliogopa asije akayapeleka chuoni kwa mwalimu wake. Ndipo akatia kufuli. Mtoto akakua, kufuli likabaki. Nasiha hakuuliza hata siku moja mle ndani mna nini, na mama yake alimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto asiye na udadisi.

Kila Alhamisi alasiri alijifungia chumbani, akawatoa mmoja mmoja, akawavua kofia na kuwapangusa nyuso kwa kitambaa kibichi. Mjane hana wa kusema naye saa zile, basi alisema nao. "Haya geuka, baba. Na wewe, sikio lako umelitupa wapi?" Kisha alifukiza udi, kwa sababu mitumba hata uifue mara saba ina harufu yake, akawavisha, akafunga. Hebu jiweke mahali pa mtoto wa jirani aliyefuata mpira mpaka chini ya dirisha lile. Unaona moshi wa udi, tena Alhamisi, siku wanayosema ni ya majini. Unaona mjane anavivua nguo vitu vidogo vilivyojitanda kama watu, na anaviuliza habari. Yule mtoto aliuacha mpira palepale.

Hivyo ndivyo Kaloleni ilivyojua kwamba Bi Mwanarusi anafuga majini. Kumwambia, hakuna aliyemwambia. Walimsalimia vizuri na mapazia wakamletea, naye akayamaliza kabla ya siku aliyoahidi. Nanyi mnawajua mafundi wa kushona. Fundi anayemaliza kabla ya siku, huo peke yake ni ushahidi.

Mambo yangekaa hivyo mpaka kiama kama si Fawaz. Huyu alikuwa fundi wa umeme kutoka Mombasa, alikuja Voi kwa kazi ya miezi mitatu, akanunua dawa ya kichwa mara nyingi kuliko kichwa cha binadamu kinavyoweza kuuma. Duka la dawa lilikuwa lile alilofanya kazi Nasiha. Miezi mitatu ikawa minane, na siku ya posa ikatajwa. Fawaz hakuwa na wazazi. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Safaa, na neno la Bi Safaa ndilo neno.

Ilivyo desturi, kabla ya posa upande wa mume humtuma mtu aulizeulize mtaani: hawa ni watu gani? Si desturi mbaya, imewaokoa wengi. Bi Safaa alimtuma jamaa yake mmoja, akauliza dukani, akauliza njiani, akarudi na majibu. Watu wazuri. Binti ana haya. Lakini mama yake ana kabati.

Jumatano asubuhi Nasiha alimwambia mama yake, huku akitazama sakafu, kwamba Fawaz amepiga simu. Posa ya Jumapili imesogezwa mbele. Shangazi yake anakuja kwanza, Jumamosi, peke yake, kusalimia. Alipokwisha kusema akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Bi Mwanarusi alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Wamejua, aliwaza. Wamejua kwamba nina sanamu.

Saa nne aliingia Peris, mama yake Wakio, jirani yake wa miaka mingi, Mtaita wa Wundanyi, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Peris ndiye mtu pekee mtaani aliyejua juu ya sungura, kwa kuwa mmoja alimletea yeye mwenyewe, kutoka kwa mwalimu mstaafu huko milimani aliyekuwa akigawa vitu vyake.

"Mama Nasiha, kaa chini."

"Nimekaa, Mama Wakio. Huoni?"

"Basi kaa vizuri. Unajua watu wanasema nini juu ya hiyo kabati yako?"

"Wanasema nina sanamu."

"Heri ingekuwa hivyo. Wanasema unafuga majini."

Bi Mwanarusi alimtazama. "Majini?"

"Majini! Nimesikia huko kwa kinu nikisagisha unga, na masikio yangu haya. Ati ndiyo yanakusaidia kushona. Hata huyo shangazi wa Mombasa ameambiwa, ndiyo sababu anakuja."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema si majini. Wakaniuliza, haya, kama si majini ni nini? Nikanyamaza." Peris alipiga magoti yake kwa viganja. "Si wewe uliniapisha nisiseme? Sasa hata mimi wananiangalia vibaya."

Kicheko kilimjia Bi Mwanarusi, kikakatika. Sanamu ni jambo la mtu na Mola wake, na Mola husamehe. Majini ni jambo la mtu na mtaa. Nani atamtoa mwanawe akaoe nyumba ya majini? Kama si Fawaz, basi hata mwingine hatakuja, na Nasiha atakaa pale nyuma ya kaunta ya duka la dawa mpaka nywele ziingie mvi, kwa ajili ya sungura. Hapo ndipo alipoona baridi, na Voi hapa baridi hatuijui.

"Tuwatoe," alisema.

Ijumaa, Nasiha akiwa kazini, Peris alirudi na katoni mbili kubwa na mumewe Elijah, mtu mpole ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Elijah alikuja na mkokoteni. Mpango ulikuwa kuwapeleka sungura Wundanyi, kwa kaka yake Peris, wakakae huko mpaka Nasiha aolewe, azae, na ikiwezekana mtoto aanze shule. Wanawake wawili walipanga sungura katonini wakiwa wamevaa kofia zao, waridi kando ya waridi, na katikati wakatia magazeti. Kabati likabaki tupu. Bi Mwanarusi alilitazama, akajisikia kama mtu aliyepeleka wazee wake kwa watu baki.

Elijah alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Huyo mama akija kesho," akasema, "si ataomba kuona kabati?"

"Ndiyo tunalitoa vitu," alijibu Peris. "Aone hakuna kitu."

"Hakuna kitu." Elijah alikunywa chai yake. "Lakini jini huwa halionekani."

Peris aliacha kufunga katoni.

"Mimi nikifunguliwa kabati ya majini," aliendelea, na hiyo ilikuwa hotuba ndefu kwake, "ndivyo ningetarajia kuikuta. Tupu."

Peris alimtazama mumewe kama aliyeletewa mgeni. Bi Mwanarusi akakaa juu ya kitanda. Kabati tupu, lenye harufu ya udi, lenye alama za miguu midogomidogo kwenye vumbi la ubao. Hata yeye mwenyewe angetoka mbio.

"Warudishe," alisema. "Wote. Na Mungu anisitiri."

Bi Safaa alifika Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu, buibui limenyooka, miwani kwenye ncha ya pua, na mkoba ameukumbatia kifuani kana kwamba ndani mna mtoto. Alisalimia vizuri, akaulizia afya, akasifu mapazia. Lakini alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na alikaa ukingoni.

Bi Mwanarusi alikuwa ameamka mapema mno. Mahamri yalikuwa yamefura, mbaazi za nazi zimekolea, chai ina iliki. Nasiha alileta sinia, akabusu mkono wa mgeni, akarudi jikoni kama inavyompasa. Bi Safaa akalitazama lile sinia.

"Nimeshiba, dadangu," alisema.

Mtu aliyetoka Mombasa alfajiri, ameshiba! Bi Mwanarusi alielewa, maana na yeye ni mwanamke wa pwani. Mgeni haogopi mahamri, anamwogopa aliyeyapika. Alikuwa ametunga maneno mengi ya kuzungukazunguka, na yote yalimtoka kichwani kwa mara moja. Akasimama.

"Bi Safaa, umekuja kuona kabati."

"Nimekuja kusalimia."

"Umeshasalimia. Njoo."

Fundo la leso lilikataa kufunguka, mwisho akalifungua kwa meno. Bi Safaa alisimama kizingitini, akakataa kusogea zaidi, na midomo yake ilikuwa ikienda mbio. Alikuwa akisoma Ayatul Kursi, na alikuwa akiisoma kisomo cha mtu aliyedhamiria. Kufuli likalia. Mlango wa kabati ukafunguka, na wale arobaini na watatu wakaonekana wamesimama kwa safu nne, wadogo kwa wakubwa, wamejitanda maua mpaka miguuni, kimya.

"Yarabi!" Bi Safaa alirudi nyuma na kandambili moja ikabaki mbele.

Bi Mwanarusi hakungoja. Alimshika aliyekuwa karibu, akavuta kamba, akamvua kofia.

Bi Safaa alisogeza miwani. "Nini hicho?"

"Sungura."

"Sungura?"

"Wa kauri. Ana sikio moja tu."

"Na yule wa nyuma? Yule wa maua ya manjano, kule pembeni. Mfunue." Bi Safaa hakuwa mtu wa kuonyeshwa kilicho mbele akaridhika. "Na anayemfuata. Na yule mnene."

Sungura. Sungura. Sungura wa shaba. Kofia zikawa zinaanguka kitandani, kila moja na maua yake. Walipofika kama wa ishirini Bi Safaa alikuwa ameshaingia chumbani bila kujua. Walipofika thelathini alikaa juu ya kitanda, mabega yakaanza kumtikisika, na Bi Mwanarusi, moyo mkononi, hakujua kama analia au vipi. Kisha kicheko kikatoka, kikubwa, cha mwanamke ambaye siku nyingi hajapata cha kuchekea.

"Mwanarusi! Mimi nimelala macho siku tatu!" Alifungua ule mkoba, akatoa chupa. "Nimekuja na maji yaliyosomewa, yamesomwa na watu wanne! Nimemwambia Fawaz, nisiporudi leo uje na watu! Kwa sungura?" Kikohozi kikamshika, akafungua chupa akayanywa maji yale mwenyewe, karibu yote, na yaliyobaki akajipangusia uso.

Bi Mwanarusi naye alicheka, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu, mpaka akajishikiza kwenye kabati.

Lakini Bi Safaa hakuwa mtu wa kumaliza jambo kwa kicheko. Alijifuta macho, akavaa miwani.

"Hata hivyo, sanamu ni sanamu. Unajua linalosemwa."

"Najua. Ndiyo maana nawafunika."

"Unawafunika asiwaone nani?"

Bi Mwanarusi alitazama chini. Mtu hakuwahi kumuuliza swali hilo, naye mwenyewe alilikwepa miaka ishirini na sita. "Nilitaka malaika waingie," alisema.

Bi Safaa aliokota kofia moja kitandani. "Mimi kwangu nisingeweka," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nakwambia kweli. Lakini mimi si mwenye elimu, nenda ukaulize. Utaambiwa weka au utaambiwa toa, na lolote utakaloambiwa litakuwa jepesi kuliko hili ulilolibeba. Mtu mzima hukai na kufuli kiunoni kwa kuogopa swali."

"Nitauliza," alisema Bi Mwanarusi, na alishangaa kuona kwamba kweli atauliza, na kwamba haogopi tena hata nusu ya jinsi alivyokuwa akiogopa.

Macho ya Bi Safaa yalikuwa yameshahama. Kando ya kabati kulikuwa na sanduku la vile vitambaa visivyotiwa mkasi. Akavuta kimoja, pazia zito la waridi nyekundu zilizofifia, akalipitisha kati ya vidole, akageuza bitana, akatazama pindo. "Haya basi. Hili utanikatia mita nne, nikatundike kwangu."

"Hilo halikatwi."

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Akauma mdomo. Mustakabali wa bintiye umekaa kitandani, umemwomba kitambaa, na yeye amesema la.

"Na nikikulipa?"

Angeweza kujirudi. Alilitazama pazia, akatazama mkono wa Bi Safaa juu yake. "Hata ukinilipa," alisema, karibu alie. "Nitakushonea jingine zuri. Hilo siwezi."

Bi Safaa alipapasa waridi mara moja zaidi. Kisha akalikunja pazia kwa mikunjo yake ya awali, akalirudisha. "Sasa ndiyo nimeamini," alisema. "Mwenye majini angenipa kabati zima ili niondoke. Haya, yale mahamri yamepoa?"

Alikula manne. Mbaazi akaongezewa mara mbili, akauliza nazi inapatikana wapi Voi. Akasema wanaume watakuja Jumapili ya wiki ijayo, waandaliwe kama watu kumi na wawili, na asiwepo mtu wa kusema gharama. Alasiri Peris alimsindikiza stesheni, na njia nzima, kuanzia dukani mpaka kwenye kinu, Bi Safaa alimwambia kila aliyemsalimia, bila kuulizwa na kwa sauti ya kusikika, "Sungura! Mama wa watu ana sungura!" Kaloleni ilikatwa maini. Walikuwa wamezoea majini.

Nyumba iliponyamaza Bi Mwanarusi alirudi chumbani kuwavisha. Nasiha alikuwa amesimama kizingitini, palepale aliposimama mgeni asubuhi, mikono ingali na unga.

"Mama, naweza kuingia?"

"Unabisha hodi chumbani kwangu tangu lini?"

Nasiha aliingia taratibu, akapiga magoti mbele ya kabati. Aliwatazama safu kwa safu. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akamchukua yule mweupe wa urefu wa kidole.

"Kumbe ni sungura," alisema.

"Wewe ulidhani ni nini?"

Nasiha aliinamisha kichwa juu ya sungura. Bi Mwanarusi alikuwa ameshika kofia ya maua ya buluu, na mkono ukasimama. Alimtazama mtoto wake wa miaka ishirini na minne, aliyezaliwa humu, aliyelala ukuta mmoja na kabati hili maisha yake yote.

"Tangu lini, Nasiha?"

"Tangu darasa la tatu. Wenzangu waliniambia shuleni."

"Na ukaamini?"

"Nilikuwa nakusikia ukizungumza nao, Mama. Kila Alhamisi." Alikuwa akimpapasa sungura mgongoni kwa kidole gumba. "Nilikuwa nawasalimia. Kila nikipita hapo mlangoni, kimoyomoyo. Ili wasikudhuru."

"Mpaka ulipokua?"

"Mpaka leo asubuhi. Leo niliwaomba wakae kimya, mgeni asiwasikie."

Bi Mwanarusi aliteremka kitandani akakaa sakafuni, magoti yakilia. Karibu miaka ishirini alikuwa amelifunga kabati, mtoto asije akamsema. Na miaka hiyo mtoto alikuwa amefunga kinywa, yeye asije akasemwa. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona raha kubwa kwamba limekwisha, na vyote viwili vikamtoka kwa machozi.

"Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

"Ungesema ndiyo, ningefanya nini?" Nasiha alimtazama. "Sikuwa na mama mwingine."

Bi Mwanarusi alimvutia kifuani, na sungura, na unga, na vyote, akamshika hivyo kwa muda mrefu.

"Nisamehe," alisema.

"Wacha, Mama." Nasiha alikuwa akilia na kucheka. "Unajua kwa nini siku zote nafunga mlango wangu kwa komeo nikilala?"

Bi Mwanarusi alijua, au alidhani anajua. Siku zote alijisifu kwa majirani kwamba binti yake ana haya.

"Leo," alisema Nasiha, "nitalala mlango wazi."